Mama Mkwe Kwenye Redio ya Ndege

Kabla sijapanda ndege hata mara moja, nilikuwa fundi wa redio za malori mjini Kitui. Malori makubwa yalikuwa na betri mbili zilizoungwa pamoja, na kwa pamoja zilitoa volti ishirini na nne. Redio za madereva zilitaka kumi na mbili tu. Ujanja wake ulijulikana mtaa mzima: unavuta waya kutoka betri moja, unaiacha ile nyingine iendelee na kazi zake, na dereva anaondoka kwenda Garissa akisikiliza matangazo ya vifo na muziki wa jioni. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi na niliipenda. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na waya zina faida moja kwa mtu kama mimi, kwamba ukizikasirikia hazinuni.

Mwishoni mwa miaka ya tisini ikaja mvua ambayo haikujua kuacha. Sisi ni watu wa ukame. Tunajua kungoja mvua, kuiombea kanisani, kuigombania ikinyesha kwa jirani ikatuacha sisi, lakini hatukujua la kufanya nayo ilipokataa kuondoka. Mito iliyokuwa mchanga mtupu ikajaa mpaka juu ya madaraja. Barabara ya kutoka Mwingi kwenda Nuu ikakatika, ya Ikutha ikakatika, na maduka ya huko yakabaki na chumvi na viberiti vilivyolowa. Hapo ndipo watu wa misaada walipoleta ndege ndogo ya kubeba dawa, na pamoja nayo redio mbili za setilaiti. Moja ilipelekwa kwenye zahanati ya Nuu. Ya pili ilitakiwa isafiri na ndege, na mtu wa kuiunganisha akatafutwa. Ndivyo nilivyotolewa kwenye malori.

Redio yenyewe ilikuwa sanduku la ukubwa wa mkoba wa mwalimu. Kifuniko chake ndicho kilikuwa antena. Unakifungua, unakielekeza upande wa mashariki, juu, mahali jua linapokuwa asubuhi watu wakishamaliza kukamua, kisha unangoja taa iwe ya kijani. Ikiwa ya kijani unapiga nambari kama mtu wa simu. Kwa kweli ilikuwa simu, lakini kwetu kitu chochote kilichotoa sauti ya mtu bila waya kilikuwa redio, na jina hilo likabaki.

Ndege ilikuwa ya injini moja na mabawa yake yalikuwa chini ya madirisha, jambo ambalo baadaye nilimshukuru Mungu kwalo, maana bawa likiwa juu lingekiziba kifuniko kisione anga. Rubani alikuwa mtu wa kaskazini mashariki, mtoto wa mfanyabiashara wa ng'ombe. Mchana alitandika mkeka wake kando ya bawa akaswali huku mimi nikikagua nyaya zangu upande wa pili. Hakujua Kikamba hata kidogo. Aliniita fundi, nami nikamwita kapteni, na kwa majina hayo mawili tukafanya kazi vizuri.

Siku ya kwanza nilifungua mahali pa betri nikatafuta ile ya pili. Haikuwepo. Ndege ilikuwa na betri moja tu, volti zote ishirini na nne ndani ya boksi moja lililofungwa, na ujanja wangu wa miaka mingi ukafia pale pale. Nikapendekeza tubebe betri ya gari nyuma ya kiti.

"Fundi," rubani akaniambia, "umewahi kuona asidi ikimwagika huko juu? Hiyo kitu ikipinduka tutaoga nayo."

Nikanuna nusu siku. Hatimaye kikaletwa kisanduku cha kupunguza umeme kutoka Nairobi, nikakichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Redio ikawaka, lakini injini nayo ikaingia ndani yake. Ilikuwa sauti nyembamba ya kulia, ikipanda injini ikipanda na kushuka ikishuka, ikitoboa masikio kupitia vile visikizi tulivyovaa kichwani. Nilihamisha nyaya, nikazisokota mbili mbili, nikaushikisha ule wa kurudisha umeme kwenye chuma cha ndege mahali pamoja tu badala ya patatu. Ikanyamaza. Nikagundua pia kwamba ukiweka sanduku karibu na dira, sindano ya dira inalifuata sanduku na kuisahau kaskazini. Rubani alinionyesha hilo kwa kidole, nami nikahamisha sanduku mapajani mwangu, likakaa hapo mpaka mwisho.

Nikaunganisha redio na visikizi vyetu, kwa hivyo tulichosema sisi wawili tukiwa hewani kilisikika na mtu wa upande wa pili, na alichosema yeye tulisikia sote. Na kwa sababu nilikaa kiti cha kulia, na kifuniko kiliegemea dirisha la kulia, redio ilisikia vizuri tu tukiwa tunaenda kaskazini. Rubani akikata kona, taa inakuwa nyekundu na mtu anakatika katikati ya neno.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo hakuna waya ungeliponya. Sauti ilikwenda juu kule ikarudi, na safari hiyo ilichukua muda. Ukisema neno, unangoja kidogo ndipo ujibiwe. Kwa mzungu pengine si kitu. Lakini kwetu salamu ina mwendo wake. Mkubwa anasema "Wakya," na mdogo anajibu "Aa" kabla neno halijatua. Ukichelewa, umemdharau. Wazee walioletwa kwenye redio ya Nuu kuongea na watoto wao wa Kitui walisalimia, wakasikia kimya, wakasalimia tena kwa ukali, jibu la kwanza likagongana na salamu ya pili, na wote wawili wakaanza upya. Na hakuna aliyekubali kutoa habari kabla ya kusalimiana, maana habari haiwekwi kwa mtu ambaye hujamsalimia. Nimesikia wazee wakimaliza nafasi yao yote kwa kuuliza hali ya mbuzi, wakarudisha mkono wa redio kwa sista, muuguzi wa zahanati, wameridhika kabisa. Nilikuwa nikitukana kimoyomoyo. Sasa ninapokumbuka natamani kuwasikia tena.

Mke wangu alikuwa huko Nuu. Nyumbani kwangu ni Mbumbuni, upande wa Makueni, lakini tulikuwa tumepanga chumba Kitui na hatukuwa tumekaa pamoja muda mrefu. Alipopata mimba ya kwanza, na mama yangu mwenyewe alikuwa ameshafariki, hakukuwa na mwanamke wa kumwangalia nikiwa kazini. Akaenda kwa mama yake kabla mvua haijaanza. Alisema atarudi na mtoto mgongoni na mimi nihakikishe nimerekebisha kitanda, kwa sababu kilikuwa kinalia. Nilikirekebisha jioni ile ile aliyoondoka, na baada ya hapo sikuwa na la kufanya chumbani. Nilikaa juu ya kitanda ambacho hakikulia tena, nikiwa mpweke kuliko nilivyotaka mtu ajue.

Sasa lazima nieleze juu ya mama mkwe wangu. Kwetu Ukambani mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani. Neno lake ni nthoni, na ndani yake mna aibu na heshima pamoja. Mkikutana njiani, wewe unatoka njia upande huu, yeye anajifunika leso na kugeukia upande ule. Hamli pamoja, hamshikani mikono, hamsemeshani. Wakati ule makanisa mengi yalikuwa yameshayaita hayo mambo ya kale, na vijana wengi waliwapigia mama wakwe zao magoti na kuwapa mkono kama kawaida. Mama mkwe wangu alikuwa mshirika wa kanisa tangu utoto, hakukosa ibada, na nthoni aliishika vile vile. Sikumlaumu. Nami nilikuwa naiona ni adabu, na tena mimi si mtu wa maneno mengi.

Kwa hivyo nilimjua kwa sauti tu. Nilipokwenda kwao angekuwa nyuma ya jiko, nami barazani, na kama alikuwa na neno kwangu alimwambia kuku. "Wewe kuku," angesema kwa sauti ya kunifikia, "kama kuna mtu hapo ametoka safari, mwambie chakula kiko mezani." Mke wangu alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Mimi nilimjibu kuku kwa heshima zote, nikaenda nikala.

Sasa ile siku. Asubuhi tulikuwa uwanja wa ndege wa Kitui, nikaiwasha redio juu ya bawa, nikampigia sista wa Nuu kuuliza dawa gani zimekwisha. Hakunitajia dawa.

"Mke wako yuko hapa tangu jana," akasema. "Mtoto amekaa vibaya na damu inapotea. Huyu anataka daktari, mimi nimefika mwisho wangu. Uwanja bado ni uji. Jua likitoka na ukauke, mje mumchukue. Pigeni tena mchana."

Nilimtazama rubani. Alikuwa amesikia. Akatazama mawingu, akasema tukikaa hapo tutakuwa tunangoja jua tu, afadhali twende Ikutha tushushe dawa, uwanja wa huko ni wa mchanga, kisha tupande kaskazini moja kwa moja hadi Nuu. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa. Akavuta godoro la mlinzi wa uwanja, akaliingiza nyuma ya masanduku, akalifunga kwa kamba.

Ikutha sikumbuki vizuri. Nakumbuka watu wakipokea maboksi na mwanamke mmoja akisifu Mungu kwa sauti, na mimi nikimwona kama mtu anayenichelewesha. Tulipopaa tena, kaskazini ilikuwa mbele yetu na mashariki upande wangu. Chini kulikuwa na ardhi nyekundu iliyojaa maji, na vichaka vya kijani ambavyo katika maisha yangu sikuwahi kuviona vya kijani namna hiyo. Nikafungua kifuniko. Taa ikawa ya kijani, nikapiga.

Ililia kwa muda mrefu. Kisha mtu akashika, nikasikia pumzi, na kitu kikigonga meza.

"Halo! Nani huyo?"

Ilikuwa Kikamba, na ilikuwa sauti ya nyuma ya jiko. Nilielewa mara moja kilichotokea. Sista alikuwa chumba cha ndani na mke wangu, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine, alikuwa amemkalisha mama mkwe wangu mbele ya redio na kumwonyesha mahali pa kubonyeza.

"Jibu, fundi," rubani akasema.

"Siwezi. Ni mama mkwe."

"Mama mkwe si mtu?"

"Kwetu hatuongei naye. Nikimsemesha mimi mwenyewe ataweka chini atoke mbio, na hatutapata mtu mwingine."

Rubani akanitazama kwa muda. Huko kwao kuna mambo yao pia. Akavuta kipaza sauti karibu na midomo. "Basi niambie maneno, nitayasema mimi."

Na hivyo ndivyo tulivyofanya. Mimi nilisema kwa Kikamba, polepole, na rubani akalirudia kila neno kwa ulimi wake, akiyavunja yote. Bila shaka mama mkwe alinisikia. Visikizi vyetu vilikuwa kitu kimoja na redio, niliviunganisha kwa mikono yangu. Alinisikia nikisema, kisha akamsikia rubani akisema, na jibu akampa rubani. Wote watatu tulijifanya kwamba maneno ni ya rubani. Hewani hakukuwa na kuku, ikabidi tumtumie kapteni.

"Wakya," mama mkwe akaanza.

"Aa," rubani akasema, lakini jibu lilikuwa bado njiani.

"Wakya!" akarudia kwa ukali, na ile "Aa" ya kwanza ikamfikia katikati. Wakaanza upya. Akamwuliza nyumbani kwao ni wapi. Akamwuliza kama mvua imewafikia, kama mama yake yu hai, kama ng'ombe wameokoka. Rubani alijibu yote kupitia kwangu, na mimi nilikuwa natokwa na jasho la hasira. Kisanduku cha umeme kilikuwa kimepata moto, niliweka kiganja juu yake kupima joto lake. Nilitaka kupiga kelele kwamba mke wangu anapoteza damu nyuma ya ule mlango, na huyu mwanamke anaulizia ng'ombe wa Garissa. Sikupiga. Nilijua kwamba hata yeye alikuwa anajishikilia kwenye hizo salamu, kwa sababu akizimaliza atalazimika kusema lile lililobaki.

"Mwulize uwanja," rubani akasema.

Nikauliza, naye akarudia. Mama mkwe akangoja, kisha akajibu kwamba vijana wa kanisa wamechimba mitaro tangu alfajiri, na upande wa mwanzo maji yamepungua.

"Na katikati?"

"Mwenye ndege, punda wa kubeba maji amepita katikati sasa hivi. Amezama mpaka magoti. Bado wanamvuta."

Nikamtafsiria rubani. Alitazama mbele, akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono. Punda mmoja, na ndege yetu ilikuwa na uzito wa punda wangapi sijui.

"Na mgonjwa?" nikasema. Rubani akarudia, "Na mgonjwa?"

"Sista bado yuko ndani. Hajatoka. Nasikia tu..."

Mbele yetu kulikuwa na wingu la mvua, jeusi mpaka chini. Rubani akakata kushoto kulikwepa, taa ikawa nyekundu, na sauti ikapotea.

Tulilizunguka wingu lile. Mvua ilipiga vioo, mabawa yakatikisika, na mimi nilikuwa nimekumbatia sanduku kwa mikono miwili nikiangalia taa tu. Nilikuwa nimekaa karibu na mtu, bega kwa bega, na sijawahi kuwa peke yangu namna ile. Nilimwomba Mungu uwanja ukauke. Kisha nikaomba asinisikilize kuhusu uwanja, amsikilize sista. Sikujua niombe lipi kwanza.

Tulipotoka upande wa pili rubani akarudi kaskazini. Taa ikawa ya kijani, nikapiga.

Safari hii haikulia hata mara mbili. Mtu alishika na hakusema halo. Rubani akajitahidi, akasema kwa Kikamba chake, "Mama, ni sisi tena." Hakuna salamu iliyokuja, wala swali la ng'ombe. Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia.

"Yule mwingine yuko?" akauliza.

Rubani hakuelewa. Akanitazama. Mimi sikutafsiri.

"Wakya, mwana wakwa," akasema mama mkwe wangu.

Alinisalimia mimi. Aliniita mtoto wake. Nilielewa yote kabla hajasema neno lingine, kwa sababu binti yake akiwa hai, mwanamke yule asingenisemesha hata nyumba ikiwa inaungua. Alikuwa amevuka nthoni, na kitu pekee kilichoweza kumvusha kilikuwa kimeshatokea.

"Aa," nikajibu.

Sauti yangu ikaenda juu, ikarudi chini. Alingoja, akaipokea.

"Ameenda," akasema. "Mtoto yuko. Ni msichana."

Rubani hakujua Kikamba, lakini alijua. Aliondoa mkono mmoja kwenye usukani, akaushika mkono wangu, akaurudisha.

"Nakuuliza wewe, kwa sababu hili hakuna mtu wa kuniulizia," akaendelea. "Njia imekatika. Hapa hakuna barafu, na joto unalijua. Tumlaze wapi?"

Mwanamke aliyeolewa analala kwenye udongo wa mume wake. Wake ulikuwa Mbumbuni, ng'ambo ya mito yote iliyojaa. Akilala kwa mama yake, watu wanaweza kusema hakuwahi kuolewa, alitoka tu akarudi. Swali hilo lilikuwa langu peke yangu kulijibu, na ndiyo sababu halikupitia kwa rubani.

"Mlaze hapo kwako," nikasema.

"Watasema hakuwa na mume."

"Waseme."

Kimya kikawa kirefu kuliko kile cha setilaiti. Kisha akasema, "Nimesikia." Hakuweka mkono wa redio chini. Nilimsikia akipumua, na mtoto akilia, akinyamaza, akilia tena. Nami sikukata. Sikuwa na neno la kumpa, na yeye hakunidai.

Sasa hapakuwa na sababu ya kwenda Nuu. Uwanja ulikuwa tope, na mgonjwa wa kubebwa hakuwepo tena. Kitui ilikuwa nyuma yetu upande wa kushoto, na mafuta yalikuwa ya kuhesabiwa. Lakini rubani alijua kwamba akikata kona taa itakuwa nyekundu, na hakukata. Alishika kaskazini bila kuyumba mpaka tukafika juu ya Nuu yenyewe. Niliona mabati ya zahanati. Niliona uwanja, na maji yakimetameta katikati yake, na watu wadogo wamesimama pembeni na punda wao. Mbele ya zahanati kulikuwa na mtu mmoja aliyesimama peke yake, sikuweza kujua ni nani. Rubani akazunguka mara moja juu yao, taa ikawa nyekundu, nikafunga kifuniko.

Kitui nilichomoa waya mmoja mmoja. Nilizikunja vizuri nikazifunga kwa mpira kama siku zote, nikarudisha kisanduku cha umeme kwenye kitambaa chake, kilikuwa bado cha moto. Rubani alitoa lile godoro akamrudishia mlinzi mwenyewe, hakutaka nilishike. Kisha nikaenda chumbani kwangu. Majirani hawakujua lolote, wakaniuliza kama mvua imenipata njiani.

Niliendelea na kazi ile mpaka mvua ikaisha. Watu walishangaa, lakini ningefanya nini chumbani? Kilichoniumiza ni taa. Kila ilipokuwa ya kijani moyo wangu uliruka kwa furaha kabla akili haijakumbuka, na kila siku nililazimika kuuambia upya. Nilipopiga Nuu alijibu sista. Aliniambia mtoto anakunywa maziwa ya mbuzi na pia ananyonyeshwa na shangazi mmoja, anaongezeka uzito. Sikumwuliza habari za mama mkwe. Nilidhani nitaziuliza mwenyewe.

Ndiyo, nilidhani hivyo. Kitu kilikuwa kimevunjika kati yetu, nami niliamini kimevunjika kabisa. Barabara ilipofunguka nilipanda trekta hadi mtoni, nikavuka kwa miguu, nikatembea mwendo uliobaki, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na mengi ya kumwuliza. Alisema nini mwishoni? Aliniulizia? Alicheka hata mara moja kabla mambo hayajaharibika? Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye upweke wake ulikuwa sawa na wangu, na nilikuwa naenda kukaa naye.

Nilimwona karibu na boma lao, akitoka kisimani, mtungi mkononi na mtoto mgongoni. Naye akaniona. Akasimama. Nikafungua mdomo.

Akavuta leso akajifunika uso, akatoka njia, akaingia kwenye majani, akanigeuzia mgongo.

Iliniuma kuliko siku ya redio. Nilisimama pale kama mtu aliyefungiwa mlango. Hasira yangu ikapanda, nikataka kumwambia kwamba mimi ndiye uliyeniita mwanao, umesahau? Lakini kwa kunigeuzia mgongo alikuwa amemleta mtoto mbele yangu. Kichwa kidogo kilikuwa kimeegemea upande mmoja, nje ya kitambaa, na macho yake yalikuwa wazi yakinitazama. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona binti yangu. Nikamtazama, na polepole nikaelewa mama mkwe wangu anafanya nini. Mwanamke hamkimbii mtu wa kawaida namna ile. Hajifunikii mgeni leso, wala rafiki, wala mtu aliyewahi kumjua binti yake zamani. Anajifunikia mkwe. Kaburi lilikuwa pale nyuma ya nyumba, kwenye udongo usio wangu, na watu walikuwa wameshasema waliyosema. Lakini kwake yeye mimi nilikuwa bado mkwe, kwa hivyo binti yake alikuwa bado mke wa mtu.

Nikatoka njia upande wangu, kama inavyotakiwa, nikaingia kwenye majani na kuinamisha kichwa. Tukasimama hivyo, njia tupu katikati yetu. Kisha nikasikia ile sauti ya nyuma ya jiko, imepasuka kidogo, ikimwambia mtoto.

"Wewe," akasema, "kama kuna mtu hapo ametoka safari, mwambie chakula kiko mezani."

Nikamjibu mtoto kwa heshima zote, nikaenda nikala.